Mama anasema bwawa litafunguliwa tukiwa mtoni

*Shikamoo mjomba. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kina dada tisa hapa Donholm. Tumeweka akiba tangu Januari ili Desemba twende Jinja, Uganda, tukateremke Mto Nile kwa boti la mpira. Sasa mama yangu, mzaliwa wa Garsen, amesikia kwamba juu ya mahali tutakapoanzia kuna bwawa la umeme, naye amekataa katakata. Anasema anajua mabwawa yakifunguliwa hufanya nini. Yeye mwenyewe amehamishwa na maji mara mbili. Wenzangu wanacheka, eti hofu ya wazee. Wanne kati yetu hatujui kuogelea, na mmoja ana mimba ya miezi minne. Basi letu litafika Jinja alfajiri, tuingie mtoni asubuhi hiyohiyo, usiku turudi Nairobi. Je, mama ana haki ya kuhofu?*
*Mweka hazina, Donholm*

Marahaba, binti yangu. Kwanza waambie wenzako wasimcheke mama. Mtu wa Garsen akitaja bwawa, anataja kitu kilichoingia nyumbani kwake. Mvua ikizidi kwenye Aberdare na Mlima Kenya, bwawa la Masinga kwenye Mto Tana hujaa na kufurika, maji yakashuka mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakaenda kulala mashambani mwa watu wa Tana ya chini, kama huko Garsen. Ilikuwa hivyo 2018, ikawa hivyo tena 2024.

Nile ya Jinja ina tabia nyingine. Inatoka Ziwa Victoria, na ziwa kubwa namna ile halijai kwa usiku mmoja. Pale mwanzoni pana bwawa la Owen Falls la mwaka 1954, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, na pembeni yake Kiira lililoanza kazi 2000. Kilomita chache chini yake lipo Bujagali la 2012, na maboti huanza safari chini ya hilo. Kwa hiyo gharika ya ghafla kama anayoijua mama siyo jambo la kwanza la kuwazia. Jambo la kwanza ni kwamba maji mtakayopanda yamepita kwenye mitambo ya umeme. Watu wakihitaji umeme mwingi, mitambo huongezwa na mto hupanda. Mahitaji yakipungua, hushuka. Yote hayo hutokea jua likiwaka, bila tone la mvua.

Mimi nilishika kasia la nyuma, yaani la mwongozaji wa boti, huko Sagana kwenye Tana ya juu miaka kumi na moja. Mabwawa yote makubwa ya Tana yako chini ya pale, kwa hiyo sisi tulitazama juu. Asubuhi ninaukagua mlima, ninawauliza kina mama wanaochota maji kama mto ulinguruma usiku, ninaangalia rangi. Maji yakigeuka kama chai ya maziwa, tunajua kumenyesha huko yanakotoka. Nilipofika Jinja mara ya kwanza, nikatazama anga kwa mazoea yaleyale. Hakukuwa na wingu. Tulipumzika kula kwenye mwamba katikati ya mto, nikaacha viatu hatua mbili kutoka majini. Nanasi lilikuwa halijaisha viatu vikawa vimekwenda. Mwongozaji wa pale hakushtuka. Alinionyesha mstari wa unyevu kwenye jiwe, juu kidogo ya magoti yangu, akasema hapo ndipo maji hufika mitambo ikiongezwa. Yeye alikuwa ameweka vitu vyake vyote juu ya mstari ule, nami sikuwa nimeuona.

Ndiyo sababu, kabla hujatuma hata shilingi ya akiba yenu, ipigie simu kampuni na uulize swali moja: siku yetu mtajuaje maji yatakuwa kiasi gani, na yakibadilika mtabadilisha nini? Anayeujua mto atakujibu kwa majina ya maporomoko. Atakwambia lipi hulainika maji yakiwa mengi kwa sababu mawe yamefunikwa, lipi huzidi ukali, na wapi boti hukwama maji yakipungua. Atakwambia saa ya kuondoka na kwa nini ni saa hiyo. Akikujibu tu kwamba msijali, wateja wote hufurahi, tafuteni kampuni nyingine. Mwulize pia kuhusu poromoko la Itanda: sehemu yake ya juu ni kali mno, na kawaida wateja hushuka wakaipita kwa miguu. Nataka kusikia pia kwamba kuna kayaki za uokoaji (mitumbwi midogo ya mtu mmoja) zinazotangulia boti, na kwamba amana yenu itarudi iwapo wao wenyewe wataahirisha kwa sababu ya maji. Na msichague safari kwa picha za zamani. Maporomoko ya Bujagali yenyewe yako chini ya maji ya bwawa, na bwawa la Isimba la 2019 limefunika mengine huko chini.

Ninyi wanne msiojua kuogelea mnaweza kwenda, lakini semeni mapema. Ombeni njia ya nusu siku yenye mikondo ya wastani, au boti ambalo mwongozaji hulipiga makasia marefu peke yake nanyi mkashikilia kamba. Jaketi la kuokoa maisha likazwe hadi mtu akiliinua mabegani lisipande kufika masikioni. Ukianguka, lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu juu. Usijaribu kusimama hata ukihisi jiwe chini yako: mguu ukinaswa kati ya mawe, maji hukulaza kifudifudi na jaketi halitakusaidia. Jambo hili nimewarudia wateja kila siku ya kazi yangu na sitachoka. Mfanye mazoezi ya kupinduka kwenye maji yaliyotulia kabla ya poromoko la kwanza, hata kama mmoja wenu atalia.

Dada mwenye mimba abaki nchi kavu. Hapo sina mjadala. Jinja ina mengi ya kutazama ukingoni, na chama kimlipie chumba kizuri.

Mpango wa basi siupendi hata kidogo. Usiku mzima barabarani, foleni ya Busia au Malaba, halafu mtu ambaye hajalala apewe kasia? Laleni Jinja usiku wa kwanza, mwingie mtoni kesho yake. Kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka mpaka, lakini bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ichomwe angalau siku kumi kabla. Kichocho kipo katika maji yale, kwa hiyo wiki kadhaa baada ya kurudi mkapimwe, wote mliolowa.

Halafu, binti yangu, mpe mama namba ya kampuni awapigie mwenyewe. Awaulize lile swali la maji. Hakuna kati yenu anayeweza kupima jibu la swali hilo kama yeye. Akiridhika, lipeni.