Maswali Yenu: Kesi Ikifutwa, Ndo Kashinda?

SWALI: Mambo dada, hapa kijiweni tunagombana tangu Marseille wamchukue Greenwood, mimi nasema jamaa alishinda kesi yaishe, mwenzangu anasema hela imeongea pale, afu kuna mwingine shabiki wa Chelsea (hata hayamhusu ila anaropoka kuliko wote) anasema Greenwood, Mendy na Dani Alves wote kapu moja. Tuamulie bana, tumeshawekeana hela. *Shabiki wa United, Mwanza*

JIBU: Poa mdogo wangu. Mmepoteza wote watatu, hiyo hela mninunulie mimi chipsi mayai.

Nianze na wewe. Greenwood, aliyekuwa mshambuliaji wa Manchester United, hakushinda kesi kwa sababu hakuna kesi iliyosikilizwa. Alikamatwa Januari 2022 baada ya picha na sauti kusambaa mtandaoni, Oktoba akashtakiwa kwa jaribio la kubaka, kumtawala na kumnyanyasa mwenza wake, na shambulio la kudhuru mwili, yote akakana. Februari 2023 waendesha mashtaka wakaiondoa, wakasema mashahidi muhimu wamejitoa na kuna mambo mapya yamejitokeza kwa hiyo hawaoni tena uwezekano wa kumtia hatiani. Basi, ikaishia hapo. Juri (wale raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia) haikukaa, hakuna shahidi aliyebanwa maswali, hakuna jaji aliyesema ana hatia wala hana. Hii sisi Bongo tunaijua vizuri, DPP anasema hana nia ya kuendelea na shauri, mtu anatoka, na mara nyingine hajavuka hata geti la mahakama kashakamatwa tena.

Mwenzako wa "hela imeongea" naye muulize ushahidi wake uko wapi. Shahidi anaweza kujitoa kwa sababu ya woga, mapenzi, kuchoka, kwa sababu aliyosema mwanzo hayakuwa sahihi, au hataki tu tena, na sisi tuliokaa Mwanza na Dar hatuna namna ya kujua ni ipi.

Benjamin Mendy, aliyekuwa beki wa Manchester City, ni habari nyingine kabisa. Yeye alikaa kizimbani Chester, Uingereza, miezi, juri ikasikiliza pande zote, na Januari 2023 ikamwachia huru kwenye mashtaka saba, sita ya kubaka na moja la shambulio la kingono. Mawili juri ikashindwa kukubaliana, yakasikilizwa upya, Julai akaachiwa nayo. Kwa hiyo huyo ndo unaweza kusema alishinda. Ukimwita mbakaji leo unamzushia.

Dani Alves sasa, yule beki wa zamani wa Barcelona na Brazil. Mahakama ya Barcelona ilimhukumu Februari 2024 miaka minne na nusu kwa kumbaka mwanamke kwenye choo cha klabu ya usiku, afu Machi 2025 majaji wanne wa mahakama ya juu ya Catalonia wakaifuta hukumu kwa kauli moja. Hapa naomba msome polepole maana ndo watu wanapotelezea. Walisema maelezo ya mlalamikaji hayaendani na video za kamera za yale yaliyotokea kabla hawajaingia chooni, kwa hiyo hayatoshi kumfunga mtu, ila wakasema pia hiyo haina maana kwamba maelezo ya Alves ndo ya kweli, na kumbuka Alves mwenyewe alishabadilisha maelezo yake zaidi ya mara moja. Yaani mahakama imekwambia wazi kwamba hatujaridhika na upande huu na hatujamwamini na huyu.

Na kama bado unang'ang'ania kwamba kesi ikifutwa ndo hakufanya, mtafute Ray Rice, mchezaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Alimpiga ngumi mchumba wake kwenye lifti ya kasino Atlantic City mwaka 2014, kamera ikanasa, kwanza ligi ikamfungia mechi mbili tu (mbili!), video ya ndani ya lifti ilipotoka Septemba ndo timu ikamtema. Mwaka uliofuata mashtaka yakafutwa baada ya kumaliza programu ya marekebisho aliyopangiwa. Kisheria yamefutwa, lakini hakuna anayebisha kwamba ngumi ilipigwa, hata yeye mwenyewe aliomba radhi hadharani.

Jinai inataka ithibitike bila kuacha shaka, na ukishindwa kufika hapo mtuhumiwa anatoka hata kama wengi mnahisi alifanya. Ndo maana O.J. Simpson, nyota wa zamani wa NFL aliyeshtakiwa kumuua mke wake wa zamani na rafiki wa huyo mama, aliachiwa na juri ya jinai Oktoba 1995, afu 1997 juri ya madai, ambayo inapima tu upande upi una uzito zaidi, ikamkuta anawajibika kwa vifo vilevile na akaamriwa alipe dola milioni 33.5. Vifo vilevile, majibu mawili, na yote halali.

Mimi kinachoniudhi ni klabu. Agosti 2023 United walitoa taarifa wakasema wamejiridhisha kwamba Greenwood hakutenda makosa aliyoshtakiwa nayo, hapohapo wakasema ataondoka. Klabu haina polisi, haiwezi kumlazimisha mtu aje atoe ushahidi, na mchezaji mwenyewe ni mali yao ya mamilioni. Hiyo kauli wasingeitoa kabisa, wangesema tu kesi imeondolewa na sisi hatuendelei naye.

SWALI: Dada, mimi naona mchezaji akishtakiwa tu klabu imsimamishe na isimlipe hata senti hadi korti iamue. Kwani shida iko wapi? *Mama wawili, Mombasa*

JIBU: Kumsimamisha nakuunga mkono mama, hasa kama kazini kwake kuna watu wanaoweza kudhurika. Mshahara ndo ugomvi. City waliacha kumlipa Mendy Septemba 2021, akaishiwa mpaka akawa anakopa kwa wachezaji wenzake kina Sterling, Mahrez na Bernardo Silva, na alipoachiwa akaenda kwenye baraza la kazi. Mwishoni mwa 2024 likaamua City wamlipe sehemu kubwa ya zile pauni milioni 11 na ushee alizodai, ukitoa vipindi alivyokuwa mahabusu, maana hapo hakuwa anaweza kuja kazini. Mkate tu mshahara kabla ya hukumu, kesho mtaulipa.

SWALI: Kwa nini kwenye hizi kesi za Uingereza jina la mchezaji linatajwa ila la mwanamke hapana? Kama unalo nitupie inbox. *Bila jina*

JIBU: Wewe mwenyewe umeandika bila jina, unaona sasa. Uingereza anayelalamika kufanyiwa kosa la kingono jina lake linalindwa na sheria maisha yake yote. Ched Evans, mchezaji mpira wa Wales, alipofungwa mwaka 2012 kwa kubaka, mashabiki wakamtaja yule binti Twitter na Facebook, watu tisa wakapelekwa mahakamani na kuamriwa kumlipa pauni 624 kila mmoja. Mwaka 2016 hukumu ya Evans ikafutwa, kesi ikarudiwa, akaachiwa huru, na bado jina la yule binti haliruhusiwi kutajwa mpaka leo. Inbox hakuna kitu.