Toa Diski ya Zamani Kwanza: Nilivyohama kutoka Windows kwenda Linux

Kompyuta yangu ni ThinkPad T450, mtumba kutoka Uingereza nilioununua katika duka moja la Barabara ya Oginga Odinga mjini Kisumu. Nimeitungia mitihani ya hisabati ya vidato vyote, na hadi mwaka jana ilikuwa ikitumia Windows 10. Microsoft ilipoacha kuutolea mfumo huo masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, nilijikuta pale walipo wenye mashine nyingi za umri huo: Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha nane au zaidi, ilhali changu ni cha kizazi cha tano. Ilikuwepo njia ya kujiandikisha na kupata masasisho ya mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, lakini sikuona faida ya kuahirisha kazi ambayo ningelazimika kuifanya baadaye. Mashine yenyewe haikuwa mbovu. Iliyochoka ni diski yake, ile ya aina ya kuzunguka, ambayo kila asubuhi ilinichukulia zaidi ya dakika tatu kabla sijaweza kuandika neno, huku wenzangu wakiwa wameshapanga foleni kwenye printa ya chumba cha walimu.

Niliamua kununua diski ya SSD, aina isiyo na kitu kinachozunguka na iliyo na kasi zaidi, na kuweka ndani yake Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Katika mambo yote niliyojifunza, lililo kubwa kuliko mengine ni hili: usiufute mfumo wa zamani. Itoe diski yake nje ya kompyuta ikiwa nzima, iweke kando, kisha usakinishe mfumo mpya kwenye diski mpya iliyo peke yake ndani ya mashine. Watu wengi hushauri mifumo miwili ikae kwenye diski moja na uchague kila unapowasha. Inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo miaka nenda miaka rudi bila tatizo. Mimi sishauri, na nina sababu.

Karibu miaka kumi iliyopita, nikiwa na kompyuta nyingine, nilijaribu kuweka Ubuntu, Linux ya namna nyingine, kando ya Windows. Programu ya usakinishaji ilinionyesha orodha ya sehemu za diski zilizoitwa sda1, sda2, sda3 na sda4, bila jina lolote la kibinadamu, ila ukubwa wa kila moja. Ilikuwa saa tano usiku nami nilikuwa na haraka. Niliona sehemu moja kubwa, nikajiambia kwamba ndiyo ile niliyoitenga mchana, nikabonyeza. Mitihani ya miaka miwili nilitunga upya, kidogo kidogo. Picha za matanga ya nyanya hazikurudi, kwa kuwa simu iliyozipiga ilikuwa imeshaibwa kwenye stendi ya matatu. Tangu siku hiyo sitaki programu ya usakinishaji ione diski yenye kitu changu. Ikiwa ndani kuna diski moja tu, tena tupu, hata ukibonyeza vibaya hakuna cha kupotea.

Kuhusu ununuzi, jambo la kwanza ni kujua mashine yako inapokea diski ya namna gani. Zipo SSD za inchi 2.5 zinazochukua nafasi ileile ya diski ya kuzunguka, na zipo zile nyembamba za M.2 zinazofanana na kipande cha chingamu, nazo zimegawanyika tena, kwa namna zinavyowasiliana na mashine, kuwa za SATA na za NVMe, ambazo hazibadilishani kiholela. T450 inapokea ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7. Andika aina kamili ya kompyuta yako kwenye karatasi uende nayo dukani, au, bora zaidi, nenda na kompyuta yenyewe. Mimi nilichukua ya gigabaiti 256, ambayo inanitosha na kusaza, kwani Mint yenyewe inahitaji gigabaiti 20 tu ili iingie, ingawa waundaji wake wanapendekeza 100.

La pili ni bei. Fundi niliyemwendea aliniambia, "Mwalimu, hii ndogo ndiyo ninayoijua. Zile za terabaiti mbili zinazotembezwa kwa bei ya unga, mimi siziweki dukani." Alikuwa na haki. Mwenzangu wa somo la kemia alikuwa amenunua diski moja ya nje ya namna hiyo kwa mchuuzi, na baada ya wiki mbili faili zikaanza kufunguka zikiwa tupu. Tuliifungua kwa bisibisi juu ya meza ya maabara. Ndani mlikuwa na kibao kidogo cha umeme, kadi ya kumbukumbu kama ya simu iliyochomekwa pembeni, na kipande cha chuma kilichogandishwa kwa gundi ili mnunuzi ahisi uzito mkononi. Kwenye Linux kuna programu ya bure iitwayo F3, ambayo huijaza diski kwa data na kuisoma upya ili ijulikane kama ukubwa ulioandikwa nje ni wa kweli. Ifanyie diski mpya jaribio hilo ikiwa ungali na muda wa kuirudisha dukani.

Kabla ya kushika bisibisi, kuna kazi ya kufanya ndani ya Windows yenyewe, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Hamisha nakala za faili zako muhimu kwenye kifaa kingine hata kama diski ya zamani inabaki salama, kwa sababu diski ya kuzunguka inaweza kuanguka mkononi siku hiyohiyo unapoitoa. Kisha angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayozuia data isisomeke bila ufunguo. Nililijua hili kwa dada yangu anayeishi Kakamega, ambaye kompyuta yake ni mpya kuliko yangu. Tulipogusa tu mpangilio wa Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo kabla haujawaka, skrini ikawa ya samawati ikidai ufunguo wa tarakimu 48. "Kaka, hizo tarakimu nitazitoa wapi?" aliniuliza, nami sikuwa na jibu. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft, na akaunti hiyo aliifungua kwa laini ya simu aliyoiacha zamani. Tulirudisha mpangilio kama ulivyokuwa, mashine ikafunguka, nikashusha pumzi, na kitu cha kwanza tulichofanya ni kuuchapisha ufunguo ule kwenye karatasi. Bila huo, diski iliyotolewa ni kipande cha chuma tu hata kama faili zote zimo.

Jambo jingine dogo lenye usumbufu mkubwa ni namna ya kuzima. Windows ya siku hizi, ukiizima kwa njia ya kawaida, mara nyingi haizimiki kabisa, bali hulala nusu ili iwahi kuwaka siku inayofuata. Diski ikitolewa katika hali hiyo, Linux itakubali kuisoma lakini itakataa kuandika ndani yake, kwa kuogopa kuharibu kazi ambayo Windows haijaifunga. Shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza amri ya kuzima, nayo itazimika kikweli.

Faili ya Linux Mint ina ukubwa unaokaribia gigabaiti 3. Niliipakua usiku, wakati bando langu lina nafuu, kisha nikalinganisha namba yake ya uhakiki ya SHA256 na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint, kwa kuwa mtandao wa nyumbani kwangu hukatika na faili iliyopungua hata kidogo huleta makosa yasiyoelezeka katikati ya usakinishaji. Niliiandika kwenye flashi ya gigabaiti 8 kwa programu ya Rufus. Baada ya hapo usikimbilie kufungua mashine. Washa kompyuta kwa flashi ile, na kwenye ThinkPad unabonyeza F12 mara inapowaka, kwenye HP ni F9, kisha uutumie mfumo mpya ukiwa bado kwenye flashi, bila kugusa diski. Unganisha Wi-Fi, cheza sauti, chomeka projekta, na kama unaweza ipeleke mashine kwenye printa uchapishe ukurasa mmoja. Kompyuta zenye kadi za Wi-Fi za Broadcom huwa na shida, na ni afadhali ulijue hilo mapema. Ikitokea, chomeka simu kwa waya wa USB uiruhusu igawe intaneti, kisha upakue kiendeshi (driver) kinachohitajika, yaani programu inayouwezesha mfumo kuitumia kadi hiyo.

Kufungua T450 ni kazi ya nusu saa kwa mtu asiye na haraka. Ina betri mbili, moja ya nyuma inayochomoka kwa mkono na nyingine ya ndani, ambayo lazima uizime kwanza kupitia mpangilio wa BIOS, programu ya msingi ya mashine inayotangulia mfumo wowote, ili kusiwe na umeme unaotembea unapogusa vifaa. Skrubu za kifuniko cha chini hazitoki kabisa, hubaki zimening'inia kwenye kifuniko, na anayedhani hazijalegea ataendelea kuzizungusha hadi azichakaze. Nilizilegeza zote, nikapitisha kadi ya zamani ya simu ukingoni hadi kifuniko kikaachia kwa mlio ulionifanya nidhani nimevunja kitu. Sikuwa nimevunja. Diski imeshikwa na fremu ndogo ya chuma ambayo lazima uihamishie kwenye SSD, la sivyo diski mpya itacheza ndani. Ukimaliza, usiogope mashine ikikataa kuwaka: betri ya ndani huamka pale unapochomeka chaja.

Usakinishaji wenyewe hauna mengi. Unachagua lugha, kibodi, saa za Nairobi, kisha kufuta diski nzima na kusakinisha, amri ambayo zamani ingenitoa jasho na safari hii niliibonyeza nikinywa chai. Dakika kumi baadaye ngurumo zikaanza upande wa ziwa, kama ilivyo kawaida ya jioni za Kisumu, na stima ikapotea. Betri ziliendelea na kazi. Kwa mwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, afanye kazi hii asubuhi.

Nilitumia dakika ishirini na kidogo kwa jumla. Sasa mashine huwaka kwa takriban sekunde ishirini na tano, na mfululizo wa Mint 22 utapata masasisho hadi 2029.

Kilichonisumbua kilikuja baadaye, nilipofungua karatasi ya mtihani ya kidato cha tatu kwa LibreOffice, programu za bure ninazotumia badala ya Word na Excel. Swali la 14 lilikuwa limerukia ukurasa mwingine na kuuacha mchoro wake wa pembetatu nyuma. Chanzo ni fonti. Hati ile iliandikwa kwa Cambria, ambayo haipo kwenye Linux, na mfumo ukaweka nyingine yenye herufi za upana tofauti. Dawa yake ni kuhakikisha una fonti za Caladea, Carlito na Liberation, ambazo herufi zake zina upana sawa na za Cambria, Calibri na Times New Roman kwa mpangilio huo, hivyo mistari haihami. Milinganyo mingi ilifunguka vizuri. Michoro iliyotengenezwa kwa mishale na visanduku vya Word ndiyo iliyotawanyika, na baadhi yake niliichora upya. Siku hizi hati ikikamilika naigeuza kuwa PDF kabla ya kuipeleka kwenye printa, wala sitegemei kompyuta ya ofisini inione kama ninavyojiona.

Diski ya zamani niliiweka ndani ya kasha la USB, nikaichomeka, na folda zangu zote zikaonekana. Nilinakili nilichohitaji tu. Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo Linux haikuniwezea: kitabu cha alama cha Excel chenye makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha zenyewe, alichotutengenezea mwenzetu mmoja, ambacho LibreOffice hukifungua lakini vitufe vyake havifanyi kazi ipasavyo. Mwisho wa muhula wa kwanza nilifungua kifuniko tena, nikairudisha diski ya zamani bila kuunganisha intaneti, nikajaza alama, nikazitoa kwa flashi, kisha nikaibadilisha tena. Kazi ya kubadilisha ilinichukua dakika kumi na tano, skrubu zote zikiwa mahali pake.

Sasa ninakiandika kitabu hicho upya kwa fomula za kawaida, karatasi moja baada ya nyingine, na nimebakiza ya wastani wa darasa. Hadi itakapokubali, diski ile itabaki kwenye droo, ndani ya bahasha niliyoiandika kwa kalamu nyekundu tarehe niliyoitoa na nenosiri la kuingilia Windows ambalo nimeanza kulisahau.