Bwawa limeinama na maji yamekuwa kijani

Ndugu wa Kiamunyi, Nakuru, umeuliza kuhusu bwawa lako la kuogelea la kusimamishwa juu ya ardhi: kuinama kwake na maji kugeuka kijani baada ya wiki moja ni mambo mawili tofauti. Anza na kuinama, ndiko kwenye hatari. Bwawa la mduara lenye upana wa mita 3.66 na kimo cha sentimita 76 hubeba lita 7,000 hivi, yaani tani 7, na udongo wa majivu ya volkeno wa huko Nakuru hudidimia ukilowa. Kina cha maji kikitofautiana zaidi ya sentimita 3 upande hadi upande, toa maji yote, liondoe bwawa. Chimba ardhi ya upande ulioinuka. Usijaze ule wa chini, maana udongo wa kujazia utashuka tena. Pima kwa ubao mrefu na pimamaji, shindilia, tandaza mchanga uliochekechwa sentimita 5, kisha turubai, ndipo urudishe bwawa.

Kijani ni mwani, yaani vimea vidogo vya majini. Maji ya visima vya huko mara nyingi yana alkali, na pH (kipimo cha asidi na alkali) ikipita 7.8, klorini, dawa ya kusafisha maji, huwa mvivu. Ishushe kwanza iwe kati ya 7.2 na 7.6. Jua likishatua, kwani jua huila klorini, tia gramu 110 za klorini ya unga ya asilimia 65 kwenye ndoo ya maji (kamwe usimwage maji juu ya unga, wala usiuweke karibu na asidi), koroga, zungushia bwawani, acha pampu ikeshe. Asubuhi sugua kuta, osha kichujio. Baadaye gramu 20 kila jioni zitatosha, lakini pima maji kwa karatasi za kupimia klorini: watoto wasiingie klorini ikizidi miligramu 3 kwa lita.