Swali: Miti yote ikatwe ndipo madarasa yapate nafasi?

SWALI: Habari za kazi, msanifu. Niko kwenye kamati ya ujenzi wa shule ya msingi. Kiwanja chetu kina miti minne mikubwa, na ramani tuliyochorewa inaikata yote. Madarasa sita yamepangwa kwa mstari mmoja, madirisha yakitazama mashariki na magharibi, kisha ukuta unazunguka eneo lote. Tungependa watoto wasome karibu na kijani na majirani watumie maktaba na ukumbi, ila wazazi wanahofia usalama. Tubadilishe nini?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Msimrudishie mchoraji ramani mkamwambia tu aongeze bustani. Bustani ya kubandikwa mwishoni hukauka likizo ya kwanza. Pangeni upya majengo yenyewe.

Anzeni na mpimaji. Aonyeshe kila mti ulipo, matawi yake yanapoishia, mteremko wa ardhi na njia ya maji ya mvua. Ramani nyingi ninazoletewa zina mipaka tu, utadhani ndani ni uwanja mtupu. Sehemu kubwa ya mizizi huwa kwenye sentimita 60 za juu za udongo na hutambaa kupita kivuli cha matawi. Mkichimba msingi chini ya matawi, mti unaweza kufa taratibu, pengine miaka kadhaa baada ya fundi kuondoka. Msingi usogezwe nje ya duara la matawi. Inaposhindikana, tumieni nguzo chache badala ya mtaro mrefu. Chekechea ya Fuji huko Tachikawa, Japani, iliyokamilika mwaka 2007, iliachia miti iliyokuwepo ipenye kwenye paa lake la duara, na watoto hukimbia juu ya paa hilo wakiizunguka.

Kosa kubwa la ramani yenu kwangu ni madirisha ya magharibi. Jua la alasiri huwa chini, hivyo hupita chini ya upenu na kumulika ubao. Kama mko karibu na ikweta, geuzeni jengo: kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi za mashariki na magharibi zibaki bila madirisha. Madirisha yawe pande zote mbili za darasa. Mwanga wa upande mmoja hufika vizuri takriban mara mbili ya kimo cha lenta, ile boriti iliyo juu ya dirisha. Lenta ikiwa mita 2.1, baada ya mita 4 hivi mwanga umeshafifia, na darasa la kina cha mita 7 litawaacha gizani wanaokaa upande wa pili. Madirisha yanayotazamana hupitisha upepo pia.

Kuhusu bati, angalieni shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, ya msanifu Francis Kéré, iliyokamilika mwaka 2001. Bati limeinuliwa juu ya dari ya matofali yenye matundu, kwa hiyo hewa ya moto hupanda ikatoka na upepo hupita katikati. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuijenga. Mwaka 2022 Kéré alipewa Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya wasanifu majengo duniani, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Sasa majirani. Maktaba na ukumbi viwekwe mpakani, upande wa barabara, kila kimoja kikiwa na mlango wa nje na mwingine wa kuingilia shuleni. Madarasa yabaki nyuma ya geti la ndani. Jioni mnafunga geti hilo, majirani wanaendelea kusoma. Kinachosahaulika karibu kila mara ni choo: kisipofikika kutoka upande wa wageni, geti la ndani litafunguliwa kila siku na mpango wote umekufa. Dirisha la ofisi litazame lango kuu. Ukuta mrefu wa tofali mimi siupendi, kwa sababu aliyeuruka haonekani tena na mtu wa nje. Fensi ya wavu yenye mimea mifupi hulinda vizuri zaidi. Na kama kuna kinjia ambacho watu hukatiza kiwanjani, kipeni nafasi pembeni ya mpaka, la sivyo wataitoboa fensi.

Kabla ya kulipia ramani mpya, pigeni vigingi na kamba mahali kuta zitakapokuwa. Nendeni saa tatu asubuhi, mrudi saa tisa alasiri, mkiwa na walimu na majirani wawili watatu. Tazameni kivuli kinaangukia wapi, na kamba ikipita chini ya matawi, hamisheni kigingi hapo hapo.