Rada inauonaje upepo unaoangusha ndege?

SWALI: Nimesikia kwamba viwanja vikubwa vya ndege vina rada inayowaonya marubani kuhusu upepo hatari karibu na njia ya kurukia. Upepo hauna umbo, rada inauonaje? Tena, ndege zenyewe si zina rada puani?

JIBU: Ndugu msomaji, rada haiuoni upepo wenyewe, bali huona vitu vinavyochukuliwa nao, yaani matone ya mvua, vumbi na hata wadudu. Mwangwi unaorudi kutoka kwenye tone linaloikaribia rada huwa na masafa (idadi ya mizunguko ya wimbi kwa sekunde) ya juu kidogo kuliko mawimbi yaliyotumwa, na wa tone linaloondoka huwa chini kidogo, kama king'ora cha gari la wagonjwa kinavyobadilika sauti likishatupita. Tofauti hiyo ni ndogo mno: kwa rada ya masafa ya takriban mizunguko bilioni 5.6 kwa sekunde, tone linaloijia kwa mwendo wa kilomita 36 kwa saa huongeza mizunguko isiyofika hata 400.

Adui anayetafutwa huitwa maikrobasti, nguzo ya hewa nzito inayoporomoka kutoka kwenye wingu la radi, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote katika eneo lisilozidi kilomita 4, mara nyingi kwa dakika chache tu. Ndege inayotaka kutua hukutana kwanza na upepo wa mbisho, yaani unaoikabili kwa mbele, ambao huinyanyua na kumshawishi rubani apunguze nguvu za injini. Mara husukumwa chini, kisha upepo hugeuka ukatokea nyuma na mbawa hupoteza uwezo wa kuibeba, wakati ardhi iko karibu mno. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndege ya abiria ya safari Delta 191 pale uwanja wa Dallas/Fort Worth, Marekani, tarehe 2 Agosti 1985, ambapo zaidi ya watu 130 walifariki. Ndege hiyo ilikuwa na rada puani, lakini rada za ndege za wakati ule zilionyesha mvua tu, si mwendo wa upepo.

Ndiyo maana katika miaka ya 1990 Marekani ilifunga rada maalumu za Doppler, yaani zinazopima mabadiliko hayo ya masafa, kwa ajili ya viwanja vyake vyenye radi nyingi. Radi inapokuwa karibu, rada hizo hupitisha mwale chini kabisa, karibu na ardhi, kila dakika moja. Kompyuta hutafuta mahali ambapo matone ya upande mmoja yanaijia rada na ya upande wa pili yanaikimbia, na tofauti ikifikia noti 30, yaani kilomita 56 hivi kwa saa, mwongozaji ndege hupata onyo la kumsomea rubani. Kwa maoni yangu, mahali pa kuisimika rada ni muhimu kuliko nguvu zake, kwa sababu hupima mwendo wa kuijia au kuikimbia tu. Upepo unaoukata mwale kwa pembe mraba hauonekani kabisa.

Mvua kubwa nayo hufyonza mawimbi hayo na kuficha kilicho nyuma yake, ilhali hewa kavu hurudisha mwangwi hafifu. Kwa upepo wa siku kavu, uwanja wa Hong Kong uliongeza mwaka 2002 kifaa cha leza kinachopima vumbi laini linalopeperushwa, kwa kanuni ileile ya Doppler.