Laiki 200, mteja hamna: maswali yenu kuhusu kuuza gari kwa simu

Mwangaluka wandugu. Tangu niseme kwamba kiyadi changu cha Nyakato hapa Mwanza kinauza zaidi kwa simu kuliko kwa watu wanaopita barabarani, maswali yamekuwa mengi mpaka simu inapata moto. Nimechukua machache, yanayofanana nimeyaunganisha, na nyie mnaouliza Crown bei gani njooni yadi, siyo hapa.

Kaka, nina gari tatu tu hapa Buzuruga. Nikiposti IST Instagram napata laiki 200 ila hakuna anayepiga simu. Kuna jamaa anataka kuniuzia folowazi 10,000, ninunue?

Usinunue mdogo wangu. Folowazi wa kununua hawezi kupanda daladala kuja Buzuruga kukagua gari. Hata hizo laiki 200 hebu zipekue, utakuta nusu ni madalali wenzako na nusu ni wanafunzi wanaopenda rimu. Mimi kila Jumamosi naandika kwenye daftari vitu vitatu: waliopiga, waliokuja, waliolipa, na kila mmoja namuuliza umeniona wapi. Ndo nikajua kumbe zile grupu za mauzo za Facebook ambazo vijana mnasema za wazee ndo zinanilisha, sababu anayetafuta Noah ya abiria au Probox ya mizigo ni mtu mzima na huko ndo anakoshinda. Instagram inaniletea watu wa Harrier. TikTok inaleta macho mengi, hela kidogo, ila siiachi.

Halafu picha moja ya mbele haiuzi gari. Piga pande zote, buti, tairi moja moja, dashibodi ikiwa imewaka, chini ya boneti, na usipige gari ikiwa imelowa maana maji yanaficha mikwaruzo na mnunuzi mjanja anajua. Klipu ipige asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa, acha ingurume hata dakika nzima, na tafadhali USIWEKE MUZIKI. Ukiweka singeli juu ya injini mtu anajiuliza unaficha nini.

Niweke bei au niandike "bei inboksi"? Nikiweka, wenzangu wanashusha. (Mama wa Pasiansi)

Weka bei mama yangu. Mtu yuko Sengerema na kabando kake ka mia tano, hawezi kuanza kukuandikia wewe, Fulani na Fulani kuuliza bei, anapita tu. Andika bei na "maongezi yapo", acha nafasi kidogo ya kushusha maana sisi Wasukuma hatununui kitu bila kupunguziwa. Ila sema wazi kama hela ya kubadilisha umiliki TRA iko ndani ya hiyo bei au mnunuzi anajitegemea, ugomvi mwingi huwa unaanzia hapo.

Gari ikiwa na kasoro niiseme kwenye tangazo au nisubiri mteja aje aione mwenyewe?

Hapa nikupe aibu yangu. Niliwahi kuchukua Noah kwa jamaa aliyekuwa anabeba dagaa kutoka Mwaloni, pale Kirumba wanaposhushia samaki. Nikafua siti, nikaning'iniza vile vimanukato vitatu kwenye kioo, nikaipeleka Capri Point asubuhi ziwa linameremeta nyuma, picha zikatoka kama za harusi, nikaandika "safi, kama imeshuka bandarini jana". Mzee mmoja akafunga safari toka Katoro na fundi wake, nauli ya watu wawili hiyo. Akafungua mlango wa nyuma akasimama kimya. Akainua kapeti kwa vidole viwili, kwenye reli ya siti kumejaa vichwa vya dagaa vimekauka. Akanigeukia taratibu, "Mwanangu, hii ni gari au ni mwalo?"

Nilimrudishia nauli, na bado usiku sikulala vizuri.

Nikaiposti upya: ilikuwa inabeba dagaa, harufu ipo, kapeti nimetoa, mlango wa kulia umepigwa rangi, bei nimeshusha laki nane. Siku ya nne akaja mfanyabiashara wa dagaa, hata mlango wa nyuma hakufungua, akasikiliza injini, akalala chini akaangalia chini ya gari, akalipa. Kumbe gari ilikuwa na mtu wake muda wote, mimi ndo nilikuwa nampigia kelele mtu mwingine. Toka hapo kila kasoro naipiga picha ya karibu nimeinyooshea kidole. Mwendo wa gari nikiwa sina uhakika nao siuandiki, namwonyesha dashibodi tu, mita zinarudishwa nyuma sana hizi na sitaki kuapia kitu ambacho sikukiona.

Nina namba 600 za wateja WhatsApp, nikituma brodikasti wanaona wachache sana.

Orodha moja ya brodikasti haizidi watu 256, kwa hiyo gawa. La pili ndo kubwa, asiyeseivu namba yako ujumbe haumfikii, na hata stetasi yako haioni. Kwa hiyo mtu akipiga kabla hujakata mwambie "niseivu, gari zikiingia utaziona". Tumia ile WhatsApp ya biashara, ina katalogi, unaweka gari na bei mtu anajisomea mwenyewe. Gari ikiuzwa itoe siku hiyo hiyo.

Kuna mtu anaiba picha zangu anaposti kwa bei ya chini na kuomba advansi. Jana kaja mteja kashatuma laki tatu kwa namba nisiyoijua. Nifanyeje?

Pole sana aisee. Kwanza nenda polisi pamoja na huyo mteja, mbebe picha za hilo tangazo na ujumbe wa muamala, usimwache aende peke yake maana jina lako ndo linalochafuka. Iripoti hiyo akaunti na waombe wateja wako wairipoti. Kisha jina na namba yako uviandike KATIKATI ya picha, juu ya mlango, ukiandika pembeni wanakata. Kila tangazo maliza na mstari huu: hatupokei hata mia kabla hujaiona gari. Malipo yawe benki au lipa namba yenye jina la biashara. Nchi hii kila mtu ameshapata ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo watu wana wasiwasi tayari, usiwalaumu.

Namba za gari mimi nazifunika, na kadi ya gari siposti kabisa maana ina jina la mwenyewe, na sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022 ipo. Anayeitaka naye aje aione yadi.

Nina elfu kumi ya kubusti Facebook (kulipia tangazo lionekane na wengi), nilenge watu wa wapi?

Siyo Tanzania nzima, mtu wa Mtwara hatakuja. Zamani ningekwambia lenga mjini tu, ila tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji ya ziwa mtu wa ng'ambo anavuka kwa dakika chache bila foleni ya kivuko, kwa hiyo Sengerema na Geita weka. Msimu wa pamba ukifunguliwa ongeza Kwimba na Magu, huko hela inakuwepo.

Na siku ya kubusti kaa na simu. Mimi niliwahi kubusti Jumapili asubuhi nikaingia kanisani nimezima, natoka nakuta watu 14 walinitafuta, nikawapigia wote, wawili tu ndo walikuwa bado wanatafuta gari.