Bomba limekosea njia, choo kimegoma: majibu ya wiki hii

Nimenunua choo cha kukalia cha trapu ya S, ambacho tundu lake hushuka sakafuni, boksi limeandikwa sentimita 30. Bomba la inchi nne limetokeza sentimita 42 kutoka ukutani. Nivunje sakafu? – Msomaji, Mamboleo, Kisumu

Weka tindo chini kwanza. Hizo 42 ulizipima kabla ya plasta au baada ya taili? Kipimo cha boksi huanzia kwenye ukuta uliokamilika na kuishia katikati ya bomba. Kama ukuta wako bado ni mawe matupu, plasta, gundi na taili vitakula karibu sentimita 3, ubaki na 39. Mafundi wengi wa bomba hulisahau hilo, halafu lawama inamwendea wa taili.

Sentimita 9 zinazobaki usizitafutie raba ya kukunjakunja. Jenga kijiukuta nyuma ya choo, kipite tangi kidogo kwa urefu, ukivishe taili. Juu yake utapata pa kuweka sabuni, na mgeni atadhani ulikusudia. Ila kabla ya kujenga, keti kwenye bakuli likiwa bado halijafungwa, kisha umwambie mtu afungue mlango. Mlango ukigonga magoti, hapo sasa chukua tindo.

Bomba la choo changu limekaribia ukuta mno, sentimita 15 tu. Fundi anasema atalivuta kwa raba. – Mama wa watatu, Kiamunyi, Nakuru

Mama, mwambie asivute. Ukuta haurudi nyuma, na choo cha trapu ya S hakitakaa hapo. Kama risiti ipo, kakibadilishe uchukue cha trapu ya P, ambacho tundu lake hutokea nyuma, kama sentimita 18 juu ya sakafu. Elbo fupi ya raba hulipokea na kulishusha kwenye bomba. Nenda dukani na futi kamba, maana shingo za vyoo hazilingani.

Hiyo raba ya mikunjo naijua kwa kuumia. Nilipoanza kazi nilimfungia mtu wa Lanet choo kwa kuivuta ikaenda upande. Baada ya mwezi aliniita. Nilipoifungua, kila mkunjo ulikuwa umeshika karatasi kama kitana kilichojaa nywele, na katikati raba ilikuwa imelegea, maji yametuama ndani. Nilinunua choo kingine kwa pesa zangu. Kiungo kigumu cha kusogeza sentimita 2 au 4 nakikubali bila shida, kwa sababu ndani ni laini.

Nina ploti ya vyumba sita. Wapangaji wanataka vya kukalia badala ya vya kuchuchumaa. Naweza kuketisha kipya juu ya tundu la zamani? – Mwenye nyumba, Nyalenda

Mzee, mulika tochi kwenye hilo tundu. Ukiona maji yanang'aa, kuna mtego wa maji chini ya slabu, yaani trapu: mkunjo unaobakiza maji ya kuzuia harufu. Choo kipya nacho kina mtego wake. Ukivipandanisha, hewa inanaswa katikati ya maji mawili na haina pa kutokea. Ukiflashi, maji yatapanda hadi karibu na ukingo, yasite, kisha yashuke yakicheua, na mzigo ubaki palepale. Wapangaji watasema tangi ni dogo, utanunua kubwa, na hali itakuwa ileile.

Kwa hiyo kile cha zamani kichimbuliwe pamoja na mtego wake, bomba liletwe juu upya mahali choo kipya kinapolitaka. Huko ndiko pesa zitaenda. Anza na chumba kimoja, kitumike wiki mbili, ndipo uguse vitano vingine.

Jirani wa juu akiflashi, choo changu kinatoa mapovu, halafu kunanuka. – Kakamega

Maji yanayoshuka yanafyonza yale yaliyo kwenye bakuli lako. Mtego unapaswa kubaki na kama sentimita 5 za maji. Yakipungua, harufu inapita. Tatizo haliko chooni kwako, liko kwenye bomba la hewa: halikuwekwa, limeziba, au limeishia darini badala ya kupita paa. Mwenye nyumba ndiye wa kulipia.

Skrubu au simiti? – Bungoma

Skrubu, na silikoni pembeni. Choo kilichozikwa kwenye simiti hutoka vipande vipande.

Nataka kuhamisha choo cha ghorofani mita 2 hadi upande wa dirisha. Fundi atachimba mfereji ndani ya slabu. – Kitale

Mzuie leo. Bomba la inchi nne lina unene wa karibu sentimita 11, na kwa kila mita linataka kushuka sentimita 2 na nusu. Mita 2 ni sentimita 5. Jumla ni 16, na slabu ya sentimita 15 haina tumbo la kumeza hilo. Atakachokata ni nondo. Pitisha bomba chini ya slabu, ulifiche kwa dari ya chumba cha chini, au inua sakafu ya choo kwa ngazi moja. Ukichagua ngazi, pima kwanza kimo kutoka ngazini hadi dari. Nimewahi kuona choo ambacho mwenye nyumba huingia akiwa ameinama.